Kabati Lisilo na Mgongo

Nianze kwa kukiri kwamba ukuta niliuvunja mimi. Mume wangu huwaambia watu kwamba "tuliuvunja", na namshukuru kwa roho yake nzuri, lakini siku ile yeye alikuwa Chimala, kwenye mashine ya kukoboa mpunga anakofanya kazi, na mimi nilikuwa nyumbani kwetu Iyunga nikimwonyesha fundi mahali pa kupiga nyundo. Mkononi nilikuwa na simu yenye picha ya jiko la mtu nisiyemjua, jiko lililo wazi mpaka sebuleni, lenye kaunta ndefu na viti virefu ambavyo ukikalia miguu inaning'inia. Picha ile nilikuwa nimeitazama wiki nzima, hadi kitandani.

Jiko letu lilikuwa limechakaa kwa namna ya kudhalilisha. Makabati yalikuwa ya hadibodi iliyopakwa rangi ya kahawia na mtu aliyetuuzia nyumba. Bawaba zimeliwa na kutu, milango miwili haina vishikio, kwa hiyo tuliifungua kwa ncha ya uma. Uma huo kazi yake ilikuwa hiyo tu, na mgeni akiuchukua kulia chakula nilimnyang'anya. Kaunta ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, imepasuka katikati, na ndani ya ule ufa waliishi sisimizi walioonekana kuwa na hati ya nyumba kuliko sisi. Kisha kulikuwa na ukuta. Mwanga wote ulikuwa sebuleni, ambako hakuna mtu anayefanya kazi yoyote, na mimi nilikuwa upande wa pili, gizani, na vitunguu vyangu. Niliuchukia ukuta ule kama mtu anavyomchukia jirani.

Pesa ya mawe ya granaiti sikuwa nayo wala sikuitafuta. Nilizaliwa Mafinga, nikakua nikicheza kwenye maranda ya mbao, na kaka yangu mpaka leo yuko kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Nilimpigia simu, akanipakilia vipande vya paini na mabanzi juu ya lori lililokuwa linakuja Mbeya. Badala ya granaiti nilinunua stika, ile karatasi ya kunata inayouzwa kwa mita, yenye sura ya jiwe jeusi lenye mishipa ya dhahabu. Niliona nimewashinda matajiri kwa akili. Mtu wa Mafinga hawezi kudanganywa kuhusu mbao, nilijiambia, na kwa sababu hiyo sikumuuliza kaka kama mbao zenyewe zimekauka.

Fundi wangu alikuwa seremala mtaratibu, mwimbaji wa kwaya, anayefanya kila kitu kwa tuni ya wimbo wa kanisani na anayeahidi kila kitu kesho. Aligongagonga ukuta, akainamisha sikio, akasema, "Mama, huu ukuta haubebi kitu. Tutoe tu."

Tukatoa. Vumbi lilipotulia nilisimama jikoni nikaona sebule yote, dirisha lote, na barabara kuu ya lami nje na malori yake. Nilifurahi kwa muda wa saa ishirini na nne kamili. Makabati ya zamani niliyatupa uani, na kabla jua halijazama kuku walikuwa wameyahamia.

Kesho yake mume wangu alinipigia kutoka Chimala. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akilia au akicheka. "Baba amekubali," akasema. "Alhamisi namleta."

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtu ataniona mwehu. Baba mkwe wangu anaishi kijijini upande wa Tukuyu, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilishakwenda kabisa kwa kungojangoja. La kushoto madaktari walisema linaweza kuokolewa, ila asicheleweshe tena. Tarehe mbili za upasuaji zilipita, mara zote akikataa kushuka mjini, na sasa, kwa mara ya tatu, alikuwa amekubali. Alikubali kufikia kwetu kwa sababu moja, ambayo mume wangu aliitaja bila kujua anachokitaja. "Anasema kwako kuna heshima. Mkamwana ana ukuta wake."

Mimi ni Mhehe niliyeolewa kwa Wanyakyusa. Kwao mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hakai anapokaa, hamsemeshi. Familia nyingi za mjini siku hizi zimeacha, wanashikana mikono na kutazama taarifa ya habari pamoja. Hii niliyoolewa mimi haijaacha. Siku ya harusi nilifunikwa kitenge, na baba mkwe nilimfahamu kwa viatu vyake, vyeusi, vimepigwa kiwi. Kwa miaka kumi na minne, kila alipokuja, mimi nilikaa jikoni. Chakula kilitoka kwa mikono ya wanangu, na yeye kabla ya kuinuka kwenye kiti alikohoa mara mbili ili nijue njia haiko huru. Mwaka wa kwanza nililia kwa hasira. Baadaye nilizoea, na nikisema ukweli, nilianza kumpenda mzee yule kwa kikohozi chake, kwa sababu hakuwahi kukisahau hata siku moja.

Sasa anakuja, na mimi nimevunja ukuta. Nilimwambia mume wangu. Aliniuliza mara mbili kama ni ukuta ule ule.

"Lakini si haoni?" nikasema.

"Yeye haoni," akasema. "Wewe unaona."

 Tena mzee mwenyewe hahitaji macho kujua chumba kikoje, atasikia mwangwi. Akigundua kwamba ameletwa kukaa chumba kimoja na mke wa mwanawe, atadai arudishwe kwake siku ile ile, na jicho la kushoto litakwenda lilikokwenda la kulia. Nilikuwa na siku tatu.

Nilimwita fundi nikamwambia arudishe ukuta. Akanikumbusha kwa upole kwamba yeye ni seremala, si mwashi. Makabati mapya ya paini, ambayo tulifikiria kuyapanga pale badala ya ukuta, yalikuwa yameshaanza kujipinda kwa ubichi. Mlango mmoja ulifunguka wenyewe kila baada ya muda kana kwamba kuna mtu anachungulia. Fundi alitazama huku na huku, akatoka uani, akarudi na unyoya kwenye nywele. "Yale ya zamani yamenyooka," akasema.

Basi yale makabati ya hadibodi, niliyoyatukana miaka yote ile, yalirudi ndani kwa heshima. Tuliwafukuza kuku, tukayasugua kwa sabuni na maji ya moto, tukayapanga juu ya kaunta mpya iliyochukua nafasi ya ukuta, moja juu ya jingine mpaka darini. Migongo yake ilikuwa imeoza kwa unyevu, haipo. Fundi aliigeuza milango upande wa sebuleni akisema mgeni huonyeshwa uso wa kabati, na kwamba plaiwudi ya kuziba nyuma ataileta kesho. Mwishoni tulilibandika jengo lote stika yangu nyeusi. Nilipotoka kulitazama nilikuta sebuleni kwangu kumesimama kitu kama kaburi la tajiri, chenye milango minne.

Alhamisi alikuja. Nilikuwa upande wangu, nimejibana kwenye sinki, nikasikia fimbo, nyayo, kiti kikilia. Kisha tok, tok, tok, kidole kwenye stika.

"Ukuta wenu umekonda," mzee akasema.

"Ndiyo, baba," mume wangu akajibu. "Siku hizi wanajenga hivyo."

Mume wangu alikaa nasi hadi Jumapili jioni, kisha akarudi Chimala kwa sababu mpunga ulikuwa unaingia kwa malori na mwajiri wake si mtu wa kuelezwa habari za macho. Watoto walikuwa shule ya bweni. Tulikubaliana kwamba fundi, ambaye bado alikuwa na kazi za kumalizia, atapitisha chakula na ujumbe kati ya sebule na jiko. Fundi aliitikia kwa moyo mmoja. Jumatatu hakuja.

Saa nane mchana nilikuwa nimesimama na ugali na samaki wanaopoa, nikimsikiliza baba mkwe wangu akikohoa kikohozi cha njaa, ambacho ni tofauti na kile cha kuinuka. Nilifikiria kuita jirani. Nilifikiria kuweka sahani mlangoni na kukimbia. Mara mlango mmoja wa kabati ukafunguka kwa upande wa pili, na mkono ukaingia jikoni kwangu. Ulikuwa umeshika redio ndogo ukitafuta mahali pa kuiweka. Ukaipapasa rafu, ukaiweka juu ya vitunguu vyangu, ukatoka. Mzee alidhani amepata kabati la kuwekea vitu vyake.

Niliisogeza redio pembeni, nikasukuma sahani mahali pake. Baada ya muda mkono ukarudi, ukagusa ugali, ukaruka nyuma.  Ukaja tena polepole, ukaishika sahani, ukaichukua.

"Ndaga, kabati," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa.

Nilijiziba mdomo kwa taulo la vyombo. Tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Hakunisemesha mimi hata mara moja, alisema na kabati. Kabati, chumvi imekuwa nyingi. Kabati, hiyo ni mvua au ni lori? Mwanzoni nilinyamaza, lakini swali la mvua linahitaji jibu, kwa hiyo niligeuza uso nikaiambia sufuria kwamba mtu akiniuliza mimi, hilo ni lori. Hakuna mwiko uliovunjwa. Yeye alizungumza na kabati, mimi nilizungumza na sufuria, na kama vyombo hivyo viwili vilielewana, hilo halikutuhusu.

Siku moja kuku mwekundu aliingia kwa dirisha la jikoni akaenda moja kwa moja kwenye kile alichojua kuwa ni nyumba yake, nami sikumwona. Mzee aliingiza mkono kutafuta kofia akatoa yai. Alimpigia mwanawe simu. Nilimsikia akisema bila mshangao wowote, "Kabati yenu inataga." Dakika mbili baadaye mume wangu alinipigia mimi, sauti imekwisha, akiuliza kama baba amechanganyikiwa na kama wamweleze daktari kabla ya upasuaji. Nikamwambia ni kweli inataga, nikakata kwa sababu maziwa yalikuwa yanachemka.

Halafu kuna asubuhi moja ambayo mzee aliamka, akakohoa mara mbili, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Kamwene, kabati."

Hiyo ni salamu ya kwetu. Kwa miaka kumi na minne ukweni nimeamkiwa kwa Kinyakyusa na Kiswahili, nikaitikia vizuri, na hakuna aliyewahi kuuliza kwetu tunaamkiana vipi. Sijui aliuliza wapi, wala aliibeba tangu lini. Niliiitikia sufuria, "Kamwene," kisha nikatoka uani nikasimama na kuku kwa muda mrefu. Nililia, na sioni haja ya kulificha hilo.

Mume wangu alirudi kwa ajili ya upasuaji, na ulikwenda vizuri. Kesho yake walitoa bandeji, wakampa miwani nyeusi na kichupa kidogo cha dawa ya matone. Nesi alisema tone liingie kila baada ya saa chache, bila kuruka, na akishatiwa afumbe jicho mara moja, kwa sababu jicho lililofunguliwa likipata uchafu linakufa, na hili ndilo alilobaki nalo. Mume wangu alinirudilia maneno hayo neno kwa neno. Alimtia matone siku mbili, kisha mwajiri akampigia, naye akamkabidhi kichupa fundi, aliyekuwa amejitokeza tena, bila plaiwudi.

Fundi alikuwa mzuri kwa kazi hiyo, nitamsifu. Alinawa mpaka viwiko, akadondosha tone kwa umakini wa mtu anayetia gundi kwenye kiungo, akaimba beti moja wakati mzee amefumba. Ijumaa asubuhi alitia tone la kwanza, akasema anakimbia Mafinga mara moja kuchukua mbao kavu, saa saba atakuwa amerudi. Kutoka Mbeya kwenda Mafinga na kurudi kufikia saa saba. Nilikuwa nimekaa na mafundi maisha yangu yote na bado nilimwamini.

Saa saba ikapita, na simu yake haikupatikana. Majirani wa pande zote mbili walikuwa shambani. Kupitia upenyo wa mlango wa kabati nilimwona mzee akijitia mwenyewe.  Tone la kwanza lilianguka shavuni, la pili kwenye kola ya koti. Kwa jaribio la tatu kichupa kilimponyoka, kikagonga rafu, kikabingirika kupitia kabati lisilo na mgongo, kikasimama mbele yangu.

"Kabati," akasema, "dawa imeingia kwako."

Nilikichukua. Kilikuwa chepesi. Niliiambia sufuria kwamba mwenye jicho angegeuza kiti, akakaa mgongo ukiwa umelielekea kabati, akalaza kichwa nyuma kwenye rafu ya chini, kama wanavyofanya saluni wakioshwa nywele. Upande wa pili kiti kililia. Kichwa cha baba mkwe wangu kikaingia jikoni, kimelala juu ya stika ya dhahabu, uso umeelekea juu, macho yamefumbwa kwa nguvu zote.

Nilijifunika kitenge usoni, nami nikafumba. Mtu akafikirie: dawa ya macho inatiwa na mtu aliyefumba macho kwenye jicho lililofumbwa. Tone likaanguka puani. Nikajaribu tena, nikasikia limegonga nyusi. Nilikitikisa kichupa sikioni, sauti ikawa ya kitu kinachokaribia kuisha, na hapo hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia mwajiri wa Chimala, nikajikasirikia mimi na simu yangu yenye picha. Nilikasirika kwamba jicho la mtu linaweza kufa mikononi mwangu kwa adabu.

Nikavua kitenge. Nikafumbua macho.

Sikuwa nimewahi kuutazama uso wake hivi, kwa karibu. Ana sikio la mume wangu, lile lile, na alama ndogo chini ya midomo ambayo mwanangu wa pili anayo na sikuwahi kujua imetoka wapi. Alikuwa mzee kuliko nilivyomdhania kwa kikohozi.

"Baba," nikasema. Sikuiangalia sufuria. "Fungua jicho."

Akazidi kulifumba.

"Nikifungua nitaona," akasema.

"Ndiyo kazi yake, baba. Dawa imebaki kidogo."

Kifua chake kilipanda kikashuka. Kisha kope zikaanza kutetemeka, zikaachana taratibu, na jicho likafunguka, safi, jipya, likipepesa kwa mwanga wa dirisha langu. Nikadondosha. Tone likaingia katikati, na machozi na dawa vikateremka pamoja kuelekea sikioni.

Hakufumba. Aliniangalia kichwa chini miguu juu, kuanzia kidevuni hadi kwenye nywele, akakaa hapo kwenye nywele.

"Una mvi," akasema. "Mimi niliambiwa mwanangu ameoa binti."

"Nilikuwa binti, baba."

Midomo yake ilicheza. Nikakumbuka maneno ya nesi. Nikamwambia afumbe sasa, dawa isitoke, jicho lisipate vumbi.

"Nitafumba," akasema. "Subiri kidogo, bado naangalia."